Nani Anakufahamu Hapa?

Mama mwenye nyumba wa Mbagala Kizuiani hana fomu ya kumjazisha mpangaji. Anakaa barazani, khanga begani, anaitikia shikamoo ya kijana aliyeletwa na dalali, kisha anaanza kuuliza. Umetokea wapi, mwanangu? Unafanya kazi gani? Una mke? Watoto je? Kijana anajibu kwa adabu, mama anaitika kwa kichwa. Halafu linakuja swali la mwisho, ambalo majibu mazuri ya mengine yote hayawezi kulifidia: hapa mjini nani anakufahamu?

Kijana aliyeshuka juzi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, akitokea Kahama au Sumbawanga, hana jina la kutaja. Fedha anazo, pengine za mpunga wa msimu mzima au za ng'ombe wawili wa baba yake. Nguvu anazo, na kazi ameahidiwa. Asichokuwa nacho ni mtu mmoja wa mtaani atakayesimama uani na kusema, huyu ni wetu, mpeni chumba. Sura hii inahusu gharama ya kumkosa mtu huyo. Msimamo wangu nausema mapema: kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima inayodaiwa kabla mtu hajalaza hata godoro ni bei ya kutojulikana, na wanaoilipa kwa uchungu zaidi ni wale walioingia mjini na kidogo.

Dar es Salaam ni mji unaopokea watu kila siku. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka 10, wengine wakizaliwa Mwananyamala na Temeke hospitalini, wengine wakiingia kwa basi na begi moja. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674. Kinondoni, hata baada ya Ubungo kumegwa na kuwa wilaya yake, ilibaki na 982,328. Wote hawa wanalala mahali, na wengi wanalala katika chumba cha mtu mwingine. Mji unazidi kusogea pembeni kuwatafutia nafasi: kusini Chamazi, Toangoma na Kongowe, kaskazini Wazo, Boko, Bunju na Mabwepande, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na mikorosho na minazi.

Ili kumwelewa yule mama wa Kizuiani, lazima uijue nyumba yake. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna choo, bafu, bomba au kisima, na nafasi ya majiko ya mkaa. Mwenye nyumba huishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Mita ya LUKU mara nyingi ni moja, na umeme unachangiwa: mwenye friji anaongeza, mwenye pasi anasemwa, anayewasha jiko la umeme anaitiwa kikao. Choo kina zamu ya usafi. Akifiwa mmoja, uani wote unafiwa. Turubai linafungwa, wapangaji wanachanga, mama wa chumba cha tatu anapika uji wa waombolezaji. Katika nyumba ya namna hii mwenye nyumba hapokei mteja. Anapokea mtu atakayekutana naye saa 11 alfajiri akiwa na ndoo mkononi, mtu atakayebaki na watoto wake pale yeye anapokwenda sokoni Mbagala Rangi Tatu. Kuuliza nani anakufahamu ni haki yake. Nyumba za apatimenti zilizozungushiwa fensi, kila mlango na mita yake, zimeongezeka sana Tegeta na Kijichi, na huko maswali hupungua. Ila kodi yake haimfai mtu aliyeingia mjini jana.

Zamani swali lile lilikuwa na majibu yaliyozoeleka. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya uchunguzi mkubwa wa maisha ya mji huu katika miaka ya 1950 na kuuchapisha 1963, alikuta kwamba mgeni hufikia kwa ndugu, na asipokuwa na ndugu hufikia kwa mtu wa kwao. Mnyamwezi aliyekuja hana ndugu bado alikuwa na watani wake, Wazaramo, wenyeji wa mji wenyewe, ambao utani uliwabana wamsaidie hata katika mazishi. Watu wa Lindi na Mtwara walioingia kwa Barabara ya Kilwa walikaa kando ya barabara hiyo hiyo, ndiyo maana hadi leo Mbagala na Mtoni unasikia lafudhi za kusini kila genge. Tangu daraja la Rufiji lifunguliwe 2003 safari imekuwa nyepesi, na mnyororo wa ndugu umerefuka zaidi. Mjomba mmoja mwenye chumba Charambe amewapokea wapwa wangapi? Analala mpwa chini ya kitanda cha mjomba, anatafuta kibarua, na siku ya kupanga chumba chake mjomba anakwenda naye kwa mwenye nyumba. Yule mjomba anafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na benki, mwajiri na ofisi ya mpangishaji kwa pamoja, na hakuna anayemlipa.

Serikali nazo, tangu mkoloni, zilimtaka mtu wa mjini awe na wa kumtambulisha. Mwaka 1944 Waingereza walitunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika waliowaita wasiotakiwa, yaani wasioweza kuonyesha kazi wala makazi. Miaka karibu 40 baadaye, mwaka 1983, serikali yetu wenyewe ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kitambulisho cha kazi wakakamatwa mitaani na kurudishwa vijijini. Wazee wa Manzese na Tandale wanaikumbuka misako ile. Aliyekuwa na mwenyeji wa kumtetea alipona, asiyekuwa naye alipandishwa lori. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960 uliweka balozi kwa kila kundi la nyumba, na mgeni alipaswa kupelekwa kwake. Baada ya vyama vingi kurudi 1992 balozi alibaki kuwa mtu wa chama, na kazi rasmi ikawa ya serikali ya mtaa. Mtaani lakini bado utasikia, nenda kaonane na mjumbe kwanza, yaani balozi yule yule.

Sasa turudi kwa kijana wetu asiye na mjomba. Anamwendea dalali. Atampata kijiweni chini ya mwembe, au atasoma namba yake kwenye kibao kilichopigiliwa nguzo ya umeme: vyumba, nyumba, frem, viwanja. Dalali ataomba kwanza hela ya kuzunguka kuonyesha nyumba, hata kama kijana hatapenda hata moja. Wakipata chumba, dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja. Wengi huwalaumu madalali, na wapo wanaostahili: wanaoonyesha chumba kimoja kwa watu watano na kupokea malipo ya wote, wanaoshirikiana na mpangaji anayejifanya mwenye nyumba, wanaohamisha watu kila mwaka ili wapate tena mwezi wao. Pamoja na hayo, dalali mzuri anauza kitu halisi. Anamjua mama wa Kizuiani kwa jina, amemletea wapangaji wengine, na anapomwambia, mama, huyu kijana ni mtulivu, neno lake lina uzito kidogo. Kijana ananunua ufahamiano aliokosa. Tatizo ni kwamba neno la dalali lina uzito mdogo kuliko la mjomba, kwa sababu mama anajua dalali analipwa ili aseme hivyo. Kwa hiyo mama anajilinda kwa njia nyingine: anataka kodi ya miezi sita mkononi.

Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000, ya dalali 60,000, jumla 420,000, kabla ya kununua ndoo, godoro na jiko. Kima cha chini cha mshahara kwa viwanda na biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kiwanda cha Chang'ombe aliyelipwa kiwango hicho angehitaji mshahara wa karibu miezi mitatu bila kula wala kupanda daladala. Hakuna anayeweza. Matokeo yake yanaonekana kila mtaa: vijana wanne katika chumba cha mmoja, msichana anayeendelea na kazi za ndani kwa bosi anayemtukana kwa kuwa hana pa kulala akitoka, mkopo wa riba kali uliochukuliwa ili kulipa kodi na unaolipwa kwa kodi ya awamu ijayo.

Mwenye nyumba naye ana sababu zake, na ni dhuluma kuzipuuza. Nyumba nyingi za Mbagala na Bunju hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zilijengwa tofali kwa tofali, na kodi ya mwaka ya chumba cha mbele ndiyo iliyopiga plasta chumba cha nyuma na kununua bati za uani. Ukimwambia mama apokee 60,000 kila mwezi, itaishia kwenye unga na nauli za shule. Akipokea 360,000 kwa mara moja anaita fundi. Pia anajua kwamba mpangaji akigoma kulipa, kumtoa kwa njia ya sheria ni safari ndefu. Kodi ya mbele ndiyo mkopo wake wa ujenzi na ndiyo bima yake. Ninachokiona kibaya ni kwamba mkopo huo anaukopa kwa maskini kuliko yeye, bila riba wala shukrani.

Kwingine Afrika watu wamepambana na jambo hili. Ghana ina sheria ya kodi za nyumba ya mwaka 1963 inayokataza kudai zaidi ya kodi ya miezi sita mbele, na bado mpangaji wa Accra huambiwa alete ya miaka miwili. Nairobi desturi ni mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha kila mwezi unalipa. Hiyo imetokana na mazoea ya soko na mawakala, na mgeni wa Nairobi anaanza maisha kwa fedha chache zaidi kuliko mgeni wa Dar. Sisi tulikuwa na sheria yetu ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi, ikaanzisha mabaraza ya nyumba ya mikoa, na kumzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa mabavu. Ilifutwa 2005. Hoja ilikuwa kwamba ilikuwa inawavunja moyo wanaotaka kujenga na kupangisha, na hoja hiyo ina ukweli. Ila haikuletwa nyingine ya kusimamia kodi mahali pake, na tangu hapo makubaliano ya mama na kijana yamebaki kati yao wawili, mmoja akiwa na funguo.

Watu wengi hudhani kwa hiyo mpangaji hana sheria kabisa. Anayo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au chini yake hata kama ulikuwa wa mdomo tu. Inasema pia kwamba pale pasipo na mkataba wa maandishi, upangaji huhesabiwa kwa vipindi vya malipo: ukilipa kwa mwezi, kila upande unapaswa kumpa mwenzake notisi isiyopungua mwezi. Mwenye nyumba anayekuambia Ijumaa uwe umeondoka Jumapili, au anayeng'oa mlango ukiwa kazini, anavunja sheria, hata kama hamkuandikiana chochote. Pa kuanzia ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgeni asiyejua mtu anaogopa ofisi hizi kuliko anavyomwogopa mwenye nyumba, kwa sababu huko nako ataulizwa anakaa kwa nani na shahidi wake ni nani.

Hapo ndipo mduara unapofunga. Ili upate kitambulisho cha taifa cha NIDA unahitaji kutambuliwa na serikali ya mtaa unakoishi. Ili serikali ya mtaa ikutambue, lazima uwe unaishi mtaani, na mwenyekiti atataka mjumbe au mwenye nyumba athibitishe. Mwenye nyumba naye, kabla ya kukupa chumba, anataka kitambulisho. Tangu laini za simu zianze kuzimwa Januari 2020 kwa wasiosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, asiyekuwa na namba hiyo hana laini iliyo kwa jina lake, na kodi anailipa kwa simu ya mtu mwingine, kwa jina la mtu mwingine. Siku ya ugomvi ushahidi wa malipo unasoma jina la rafiki.

Mwanamke anayekuja peke yake huulizwa mara mbili. Wapo wenye nyumba wasiopangisha mwanamke asiye na mume, wakimshuku kabla hajafungua mdomo, na wapo wanaompenda kwa sababu ni msafi na halewi, kisha wanampangia saa za kurudi kama mtoto. Muuguzi wa zamu ya usiku au mama lishe anayetoka saa tisa usiku kwenda kununua samaki Feri hawezi kuishi kwa ratiba ya namna hiyo. Lawama ya jambo hili iko kwetu sote tunaolizoea.

Wapo pia ambao kwao kujulikana ndiko kunaleta hatari. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, na anayetoka nje anahitaji kibali. Bado wapo Wakongo na Warundi wanaoishi Dar kimyakimya. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake Fear in Bongoland cha 2001, alieleza maisha ya vijana wa Kirundi waliokulia katika makazi ya wakimbizi, wakaja mjini kwa siri na kufanya kazi ya ushonaji, wakificha asili yao hata katika matamshi. Waliobeba mzigo wa kuwadhamini walikuwa watu wa makanisa ya Kipentekoste. Mkimbizi wa namna hii halipi miezi sita kwa sababu hana wa kumtambulisha tu. Analipa chochote anachoambiwa, kwa sababu hawezi kulalamika popote, na mwenye nyumba asiye na huruma analijua hilo.

Kwa anayejiandaa kuja Dar, ningesema kazi ya kutafuta chumba inaanza nyumbani. Ondoka na barua ya Mtendaji wa Kijiji yenye mhuri na namba yake ya simu. Mama wa Kizuiani anaweza kumpigia, na akisikia sauti ya mtu mzima anayemjua baba yako nusu ya wasiwasi itamtoka. Kama ni Mkristo, chukua barua ya usharika au parokia yako, ukifika ujiunge na jumuiya ya mtaani mapema. Kama ni Mwislamu, swali msikiti mmoja hadi imamu akuzoee uso. Kama umepata kazi, mwombe msimamizi wako aongee na mwenye nyumba. Usikubali kumkabidhi dalali kodi. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, na kwanza uliza majirani na mjumbe kama kweli nyumba ni yake. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja kutoka steshenari, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Chumba ukikitazama kiangazi, waulize wapangaji maji ya masika yanafika wapi ukutani. Waulize na LUKU inachangiwa vipi, kwa sababu ugomvi mwingi wa uani unaanzia hapo. Omba miezi mitatu, na ukikubaliwa, lipa siku moja kabla ya tarehe. Awamu ya pili ndiyo utakayoiombea kulipa kwa mwezi.

Mgeni hawezi kuyabeba yote haya peke yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kumpokea na kumwandikia barua ya muda, akimtambua kama mtu aliyefika, badala ya kumrudisha hadi awe na chumba. Viwanda vya Temeke vinavyoajiri watu wa mikoani vinaweza kutoa barua ya udhamini siku ya kwanza ya kazi, na karatasi hiyo haiwagharimu kitu. Bunge linaweza kuweka kikomo cha kodi ya mbele, likijifunza kutoka Ghana kwamba kikomo kisicho na pa kushtakia hakiheshimiwi, na likiwapa wajenzi wadogo mkopo nafuu wa kumalizia vyumba ili wasiutafute mfukoni mwa mpangaji.

Na wewe baba au mama mwenye nyumba unayesoma haya, uliza maswali yako yote, ni haki yako. Piga simu kijijini, ongea na mjumbe, mtazame kijana machoni. Ukisharidhika naye, pokea kodi ya mwezi mmoja au mitatu, mpe risiti yenye jina lake, na umpeleke mwenyewe ofisi ya mtaa wakamwandikishe.